Kibweta Kilichokamua Makaburi

1

"Hongera," kibweta kikaniambia. "Nafasi iliyookolewa ni asilimia tisini na saba."

Nilikuwa nimesimama mbele ya kompyuta ya ofisi, buti zangu zimeganda tope la siku kumi na moja, sijaoga wala sijala, na kitu chenye ukubwa wa kipande cha sabuni kinanipongeza. Sikujua kinanipongeza kwa lipi. Nilikuwa nimekipa kazi ya kushika picha, si ya kuokoa nafasi.

"Onyesha picha zote," nikasema.

Kikaonyesha saba.

Nikakichomoa, nikapuliza tundu lake, nikakichomeka tena. Zikaja zile zile saba. Ya kwanza ilikuwa na kuku anayekatiza juu ya kaburi. Ya pili ilikuwa na sufuria iliyosahauliwa. Ya tatu ilikuwa na kivuli changu mwenyewe, kosa ambalo hata mwanafunzi angelionea aibu. Nilikuwa nimepanda bonde la Vughundi kupiga picha makaburi mia tatu na kumi na nane kabla milango ya bwawa haijafungwa. Milango ilifungwa siku nilipoanza kuteremka, na asubuhi ile nikiwa pale ofisini maji yalikuwa yameshapita juu ya paa la kanisa. Hapakuwa tena na kaburi la kurudia.

Kamera za siku hizi ni jicho tu, hazina tumbo. Tangu ule mwaka ambao watu walinyang'anywa nyumba zao kwa picha za kubuniwa, sheria inasema picha ni ya kweli iwapo tu imetoka kwenye lenzi ikaingia moja kwa moja ndani ya kibweta na kugongwa muhuri humo: saa, mahali, joto la hewa. Kompyuta haiaminiki kwa sababu inaweza kutunga chochote, na milimani mtandao haufiki. Kwa hiyo ukienda kazini mbali, unavaa kibweta shingoni, na mpaka utakaporudi hicho ndicho shahidi wako pekee.

Nilipokuwa mpiga picha wa harusi sikuwahi kutoka nyumbani na kibweta kimoja. Hata harusi ya watu ishirini nilibeba viwili, na wenzangu walinicheka kwamba nasafiri kama bibi harusi. Safari hii mkuu wangu alisema, "Kimoja kinatosha, Zipora, hiki kipya kina akili." Nikakubali. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu huu ni wangu, siukatai. Lakini hasira niliyokuwa nayo asubuhi ile haikuwa ya kujilaumu peke yake, na nitaeleza kwa nini.

2

Mkuu wangu ni Bwana Lusekelo, anayesimamia picha katika Ofisi ya Makazi Mapya. Ni mtu mpole. Ukimletea matatizo anakuvutia kiti kwanza, na upole huo ndio unaoudhi, kwa sababu unakuta umeshakaa kabla hujamaliza kugomba.

"Hazijafutwa," akasema. "Zimekamuliwa."

"Zimefanywa nini?"

"Kibweta kikijaa kinatazama picha zinazofanana. Kinabakiza moja, na nyingine zote kinaziandikia tu kwamba ni sawa na hiyo, zilipigwa mahali fulani, saa fulani. Ndiyo maana hesabu yako haikupungua safari nzima, ikafika mia tatu na kumi na nane. Hakuna kilichopotea."

"Nani aliniambia kwamba kinafanya hivyo?"

"Ilikuwa kwenye maelezo."

Maelezo hayo yalikuwa na kurasa mia moja na tisini, na nilipewa kibweta nikiwa mguu mmoja ndani ya gari.

Alinivutia kiti. Sikukaa. Nikafungua orodha nikaisoma kwa sauti, namba kwa namba: sawa na namba 42, sawa na namba 42, sawa na namba 42. Namba 42 ilikuwa kaburi la Ndekirwa, seremala, mtu ambaye wanasema alikuwa akiinama kuingia kila mlango. Makaburi mengine mia tatu na kumi na moja yalikuwa yamegeuzwa kuwa lake.

Na nilijua sababu. Nilipofika bondeni watu waliniomba siku mbili kabla sijatoa kamera. Walisema marehemu hawapigwi picha wakiwa wachafu. Wakapalilia, wakafagia, wakasugua mawe kwa mchanga na kuyapaka chokaa, wakang'oa masale yaliyozeeka, yale majani marefu ya kijani tunayopanda juu ya kaburi kote Upare, wakapanda machanga. Kila mmoja alichungulia kwa jirani yake ili asizidiwe. Siku ya tatu bonde zima lilikuwa limevaa sare. Makaburi yaliyosalimika ndani ya kibweta, ukiondoa la Ndekirwa na moja lenye mtu aliyekataa kutoka pichani, ni yale ambayo hayakuwa na wa kuyatunza, au picha zake zilikuwa mbovu. Waliotunza ndio waliopoteza. Kila nikilikumbuka hilo natamani kumtukana mtu, na sijui nimtukane nani.

"Angalia sasa," Bwana Lusekelo akasema, akabonyeza sehemu iliyoandikwa Rudisha.

Picha zikamiminika kwenye kioo, zote mia tatu na kumi na nane. Mwanga wa asubuhi ulikuwa wa asubuhi, wa jioni ulikuwa wa jioni, na nyuma ya kila kaburi kulikuwa na mlima uliotakiwa kuwapo. Chini kabisa, kila moja ilikuwa na muhuri.

"Muhuri umetoka wapi?"

"Kibweta ndicho kimezitoa, kwa hiyo zina muhuri. Mahali ni pa kweli, saa ni ya kweli. Majani tu ndiyo ya kuazima."

Nikasogea karibu. Kwenye kaburi la Ndekirwa kulikuwa na jani moja lililoliwa na panzi, limebaki na ncha kama jino bovu. Nikatazama namba 43. Panzi alikuwa amelila jani lile lile, pale pale. Nikatazama 110, nikatazama 290. Panzi yule alikuwa amezunguka bonde zima.

"Nani atakagua majani, Zipora?" Akanisogezea hati na kalamu. "Saini moja inatosha kwa zote. Baraza linalogawa viwanja linafunga jalada Ijumaa."

Hati ilikuwa na sentensi moja: Nimeyaona makaburi haya kwa macho yangu, na yalikuwa hivi.

Sheria ya kuhamisha bonde ilichukua mila yetu ikaigeuza kifungu. Kwetu mwenye kaburi ndiye mwenyeji, na asiye na kaburi ni mpita njia. Basi huko Kwamdoe, kwenye makazi mapya, mwenye picha ya kaburi lake anapewa kiwanja, na kando yake sehemu ya kujengea kaburi la jina, lisilo na maiti. Asiye na picha anahesabiwa alikuja juzi, anapelekwa kwenye maghorofa ya tambarare, chumba kimoja kila mtu, mpaka afe. Nisiposaini, familia mia tatu na kumi na moja zinakuwa za wapita njia. Nikisaini, kila mtu anapata alichostahili kupata tangu mwanzo.

"Nani ataumia?" Bwana Lusekelo akauliza.

Nikaichukua kalamu, nikaitia mfukoni.

"Wangesimama watu pichani, hakuna picha ambayo ingefanana na nyingine," nikasema. "Mlinipa amri nitoe watu. Nilimfukuza mama wa watu mbele ya kaburi la mwanawe nikamwambia ananiharibia picha. Hiyo amri aliitoa nani?"

"Mtu akionekana kwenye picha yenye muhuri, sheria inataka aitwe barazani asikilizwe." Alikoroga chai yake. "Sasa watu mia tatu wakisikilizwa mmoja mmoja, baraza litakaa mpaka lini? Kuna kazi nyingine, Zipora."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyonikaribishia kiti. Nikakunja hati, nikachukua kishikwambi kilichokuwa na zile picha, nikatoka bila kuaga. Nilijua kwamba nikibaki dakika moja zaidi, chai ile ingemwagika juu ya mtu.

3

Watu wa Vughundi walikuwa wamehifadhiwa katika shule ya msingi iliyo juu ya ukingo wa bonde. Nilifika saa nane mchana siku iliyofuata. Chini yetu maji yalikuwa ya kahawia, yametulia, na mtu asiyejua angedhani yamekuwapo siku zote.

Mwenyekiti wao, Mchome, alinikaribisha kwa furaha. Walidhani nimewaletea picha zao. Watoto walitolewa kwenye madawati ili wakubwa wakae, na mimi nikasimama ubaoni. Nikawaeleza kila kitu, ya kukamua na ya kurudisha, ya hati na ya Ijumaa. Nilisema pia kwamba ofisi ilinipa kibweta kimoja nami nikakubali kimoja.

"Dada," Mchome akasema nilipomaliza, "hizo picha zina muhuri au hazina?"

"Zina."

"Baraza litazikubali?"

"Litazikubali."

"Basi saini, twende zetu. Wafu wetu wanajua walipolala. Hawahitaji picha ya panzi."

Wengine wakacheka kidogo, na wengi wakaitikia kwa vichwa. Nami nikaona kalamu inakuwa nyepesi mfukoni. Nasema kweli, nilitaka kusaini. Walikuwa wameniruhusu wenyewe.

Ndipo alipoinuka Mama Mbonea. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mkulima wa tangawizi. Mbonea alikuwa mtoto wake wa kwanza na wa mwisho. Mume aliondoka zamani hakurudi, na katika bonde lile hakuwa na kaburi lingine isipokuwa la mtoto huyo. Lakini kijiji kizima hakijawahi kumwita kwa jina lingine, miaka arobaini na moja. Yeye ndiye niliyemfukuza mbele ya lenzi.

"Nionyeshe langu," akasema.

Nikamtafutia namba 207, nikampa kishikwambi. Alikitazama kwa muda mrefu, akakisogeza mbali kidogo na macho, akakirudisha.

"Huyu nani?"

"Ni Mbonea, mama. Namba mia mbili na saba."

"Hapana." Akaweka kidole kwenye jiwe la kichwani, na kingine kwenye jiwe la miguuni. "Huyu ni mtu mzima. Mwanangu alikuwa wa miezi minne."

Nikatazama. Kibweta kilikuwa kimempa mtoto yule kaburi la seremala mrefu, hatua mbili na nusu, na chokaa juu yake.

"Mmemkuza," akasema. Hakuwa akilia. Alikuwa na hasira, na nilishukuru kuiona hasira hiyo kwa mtu mwingine. "Mimi nimeshindwa kumkuza. Nyinyi mmemkuza kwa siku moja."

"Mama Mbonea," Mchome akasema taratibu, "ni karatasi tu hiyo. Upate pa kuishi."

"Karatasi tu? Basi futa jina lake uandike lako, Mchome. Kwa urefu kaburi hilo linakutosha."

Kisha mtu wa nyuma akasema anataka kuona la kwake, na mwingine, na kishikwambi kikaanza kuzunguka kutoka dawati hadi dawati. Walikuwa wakitafuta jani la panzi. Kila aliyeliona alitoa mguno mdogo na kumpa jirani yake. Kilipomfikia Mchome, alikaa nacho kuliko wote. Mama yake mzazi na pacha wa mama yake walizikwa siku moja, shimo moja, chini ya mawe mapana kama kitanda cha wawili. Pichani palikuwa na nafasi ya mmoja.

"Wamemtoa nani kati yao?" akaniuliza. Akakiweka kishikwambi kifudifudi juu ya dawati.

"Njia ya mwongo ni fupi," Mama Mbonea akasema. "Leo tunakubali mtu mzima kalala kwa mwanangu. Mwakani mtoto wa ofisi atahesabu majani, atasema watu wa Vughundi ni matapeli, na hapo tutamwambia nini?" Akanigeukia. "Eliamini ameitwa barazani. Kwa nini yeye kaitwa?"

Eliamini, mwashi wa kijiji, alikuwa ameegemea mlango. Nilipompigia kaburi la baba yake alikataa kutoka pichani, akasema yeye na baba yake hawajawahi kutengana kwa amri ya mtu. Nikapiga hivyo hivyo kwa kuchoka kubishana. Asubuhi ile barua yake ya wito ilikuwa imefika.

"Ameitwa kwa sababu anaonekana pichani," nikasema. "Mtu anayeonekana kwenye picha yenye muhuri lazima asikilizwe."

"Na sisi ulitutoa."

"Niliwatoa."

"Tulitii," akasema, "na tazama tulivyolipwa. Basi turudishe. Kaburi hulioni tena, lakini mimi unaniona. Nipige mimi nikilionyesha."

Niliwaambia ukweli wote. Niliwaambia kwamba picha ya mtu si picha ya kaburi, kwamba baraza linaweza kuwasikiliza wote na bado likawakatalia, na kwamba nisiposaini hati sasa ofisi haitanipa nyingine. Wanaweza kuishia maghorofani kwa sababu ya kukataa uongo ambao ungewapa haki yao. Nilitaka waogope, kwa sababu mimi nilikuwa naogopa.

"Una hakika gani kwamba watatusikiliza vizuri?" Mchome akauliza.

"Sina."

Mchome akainuka, akatoka nje, akasimama uwanjani kwenye jua, peke yake, mikono nyuma. Kwanza nilidhani amekasirika. Mtu wa pili alipotoka na kusimama nyuma yake ndipo nikaelewa kwamba ni foleni.

Nikaikunjua hati juu ya meza ya mwalimu. Chini ya ile sentensi ya ofisi nikaandika kwa mkono: Makaburi niliyoyaona si haya. Nikatia saini hapo.

4

Safari hii nilikuwa na vibweta viwili, kile cha ofisi na changu cha zamani cha harusi, kizito, kisicho na akili hata kidogo. Kile cha ofisi nilikipekua usiku wote wa kuamkia safari nikitafuta namna ya kukizuia kisikamue. Hakizuiliki. Unaweza tu kukilazimisha kiombe ruhusa.

Watu walikuja mmoja mmoja. Kila mmoja alisimama nyuma ya mstari niliochora kwa chaki, bonde likiwa mgongoni kwake, akasema jina lake na la aliyezikwa, kisha akaonyesha. Wengine walipiga hatua chini kupima urefu. Mchome aliomba mwenzake alale kando yake, nikawapiga wawili wamelala kwenye vumbi la uwanja wa mpira wakitazama juu, na hakuna aliyewacheka.

"Picha hii inafanana na iliyotangulia," kibweta kikaniambia kwa adabu zote. "Mtu mmoja, mikono miwili, maji nyuma. Nikamue?"

"Hapana," nikabonyeza.

Kiliuliza tena kwa aliyefuata. Kiliuliza kwa mwanamume mwenye jicho moja, kikauliza kwa bibi aliyebebwa kwenye kiti. Kwake kila mtu alikuwa mtu mmoja mwenye mikono miwili. Nilibonyeza Hapana mpaka kidole gumba kikaniuma, na sikubadilisha kidole, kwa sababu nilitaka kiume.

Mama Mbonea alikuwa ametoa nafasi yake kwa wazee wasioweza kusimama, hivyo alifika jua likielekea kuzama. Alikuwa ameoga na kujifunga kitenge kipya. Alitaja jina lake la ubatizo, Naelijwa, na wengi kwenye foleni wakageuka, kwa maana hawakuwa wamelisikia tangu harusi yake. Kisha akasema, "Nimemzika hapa Mbonea, mwanangu." Akanyoosha mikono mbele, viganja vikitazamana, akavisogeza, akavirekebisha kidogo, mpaka akaridhika na nafasi iliyokuwa kati yake. Ilikuwa ndogo. Nilikuwa nimelipiga kaburi hilo kwa mkono wangu na sikuwa nimeona kwamba ni dogo kiasi hicho.

Nikapiga. Kibweta kikauliza, nikakijibu.

"Tayari, mama," nikamwambia. "Imeingia. Shusha mikono."

Hakuishusha. Aliendelea kupatazama pale katikati pasipo na kitu.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akasema. "Sijamshika siku nyingi."

Nikangoja, na waliokuwa nyuma yake wakangoja.